Vumbi Mgongoni mwa Afande

Zamani wanyama walipokuwa na gereza lao, mkuu wa gereza alikuwa Nungunungu, na hakuna aliyemsifu kwa uadilifu kama alivyojisifu mwenyewe. Aibu yake ilikuwa moja tu: wafungwa walikuwa wananenepa. Kila siku maganda ya viazi vitamu yalikutwa selini, na Simba akaapa kwamba askari anayeviingiza asipokamatwa kabla ya mwezi kuisha, Nungunungu atavuliwa cheo.

Basi kila asubuhi akawapekua askari langoni. Nyani alipekuliwa hadi chini ya mkia.

"Nyani haoni kundule," Nungunungu alimcheka, "lakini mimi naliona."

Aliyempendeza ni Kicheche peke yake. "Shikamoo, afande! Una vumbi mgongoni, ngoja nikupanguse." Nungunungu alifumba macho akapanguswa, kisha akaingia kukagua seli, na wafungwa nao wakamzunguka kwa mapenzi ya ajabu.

Siku ya mwisho aliyopewa na Simba, aliwapanga wote uwanjani. "Nani hajapekuliwa?"

"Wewe, afande," akasema Nyani.

"Mimi? Haya, tazameni!" Akageuka, akaitikisa miiba yake kwa madaha.

Vipande kumi na viwili vya viazi vikachomoka miibani, vikaporomoka. Kicheche alikuwa ameshatimua mbio.

Nungunungu akavitazama viazi. Akajipinda autazame mgongo wake, asiuone.

"Nyani, ndugu yangu," akasema, akivua kofia, "njoo unipekue. Na ile methali, kuanzia leo itieni jina langu."