Kituo cha Mtu Mmoja

Machifu wenzangu wote walikuwa wameshainua mikono. Mkono uliobaki mezani ulikuwa wangu.

Reli na bandari ni mali ya vijiji vyetu vya huku kaskazini kwenye theluji sasa. Tulikuwa tunaamua kwamba treni isisimame tena msituni kwa ajili ya mtu mmoja, wakati meli ya ngano inaisubiri ghubani na barafu inakaribia kuifunga bahari.

"Mwenyekiti, si huyo kaka yako Horace?" chifu wa kusini akatania. "Mwambie ahamie mjini, tumtafutie mke!"

Wakacheka. Nami nikacheka.

Horace anaishi peke yake msituni; akisikia treni husogea kando ya reli na kuinua mkono wa kulia, wenye vidole vitatu. Viwili vililiwa na baridi. Dereva humwona na kushika breki. Tangu utoto wetu, treni haijawahi kumpita mtu aliyeinua mkono.

"Mama, tunakusubiri wewe tu," katibu akasema kwa upole.

Nje, treni ilipiga honi ikaondoka. Kesho ingefika kwake.

Nikainua mkono.

Katibu alihesabu, wenzangu wakashusha ya kwao, wakaanza kuvaa makoti. Wangu ulikuwa bado juu.