Breki za Mbele

Msimu mzima wa pamba Shani, binti wa fundi magari wa Bunda, alitegea sikio mngurumo wa lori lile kuukuu. Leo dereva wake alikuwa akilijaribu breki ahamie Mwanza moja kwa moja, kama tajiri mwenye lori alivyoagiza.

Shani alitazama vumbini. Matairi ya nyuma yalikuwa yamechimba mifereji; ya mbele yaliviringika tu.

Shani akinyamaza, dereva atakwenda kupinduka mteremkoni.

"Kaka, breki za mbele hazishiki," alisema, macho chini.

"Nilizilegeza mwenyewe alfajiri. Zikikazwa, leo hii naondoka," dereva alijibu.

Shani aliinua macho.

"Tajiri akiuliza, mwambie baba kaenda Butiama na spana zote," alisema, akaketi juu ya sanduku la spana, akalifunika kwa kanga yake.