Mshale wa Kipimo cha Hewa

Chande, bosi wa kampuni ndogo ya michezo ya kompyuta, alikalia kiti cha Sikudhani, mtengenezaji wake wa michezo, bila kukivuta vizuri.

"Watu wanacheza mchezo huu ili waruke angani," alisema. "Hawataki kusoma vipimo. Ngoja niujaribu. Vikinichosha tu, leo hii unavitoa vyote."

Sikudhani aliitikia kwa kichwa. Mwaka mzima aliufanyia kazi mchezo huo. Mwanzoni vipimo vya chombo vilikuwa mapambo: unabonyeza, unapata pointi, unaendelea. Yeye alivifanya viseme kweli.

Chande alianza kucheza, akashuka kwenye sayari ya kwanza kwa kasi, bila kutazama kipimo cha hewa. Hewa ilikuwa nyepesi mno, mwavuli wa kupunguza kasi haukushika, na chombo kikapasukia maweni pamoja na wanaanga wake watatu.

"Umeniulia watu!"

"Mshale ulikuambia, bosi."

Chande alianza upya, meno yameumana. Safari hii alipofika juu ya mawingu alikisimamisha chombo, akatazama kipimo cha hewa. Mshale ulipanda, ukatetemeka, ukashuka. Mafuta yalikuwa yakikaribia kwisha. Wafanyakazi waliacha meza zao wakaja kusimama nyuma yake.

"Chini ya mawingu haya kuna nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hata mimi sijui," alisema Sikudhani. "Sayari hii hubadilika kila unapoanza. Pima."

Chande alifuta kiganja kwenye suruali, kisha akateremsha kipimajoto cha chombo kwa waya. Waya ulizama mawinguni, mita mia, mita mia tatu, ukaendelea kuteremka, naye akakivuta kiti karibu na skrini.