Sahani Tupu

Gari lilikwenda hatua kumi, likalia kra-kra-kra chini upande wa kushoto, likasimama. Injini ilinguruma vizuri, gia ilikuwa imeingia, lakini magurudumu hayakuwa na habari. Emile akazima, akashuka, akalala tena chini ya gari kwa mara ya tatu tangu asubuhi.

Barazani mke wake Pélagie alikuwa mkekani, siku ya tatu ya homa, macho yamekuwa ya njano, sauti imempotea tangu usiku. Hospitali ilikuwa Kisangani, kilomita ishirini na tatu kutoka kituo hiki cha kilimo cha barabara ya Bengamisa, na gari jingine halikuwapo hata la dawa. Wanajeshi walikuwa wamepita wakikusanya magari ya raia kwenda kumpokea mkubwa mmoja kutoka Kinshasa. Gari likichukuliwa kwa sherehe hurudi mifupa, kama linarudi.

La Emile waliliacha, na waliliacha kwa aibu. Habari zao zilipokuwa zimeshavuma barabara nzima, yeye, karani ambaye maisha yake yote alishika kalamu, alikuwa amefungua kardani, ule mhimili unaozungusha gurudumu la mbele, abadilishe mpira wake wa kuzuia vumbi, uliopasuka. Article quinze, jitafutie mwenyewe. Nchi nzima iliishi hivyo. Pélagie alikaa kando yake akimwoshea vyuma kimoja kimoja kwa petroli ndani ya sahani na kumpa mkononi. Emile hakujua hesabu ya vyuma hivyo, ila alijua sheria moja: sahani ikibaki tupu, kazi imekwisha. Na sahani ilibaki tupu.

Siku mbili baadaye wakaja. Sajini akaingia, akawasha: hatua kumi, kra-kra-kra. Akamtukana Emile matusi ya mama yake mbele ya wafanyakazi wote, wakaenda zao. Emile alitamani ardhi ipasuke immeze. Pélagie alicheka mpaka akakaa chini.

"Sherehe ikiisha, gari itapona," alimwambia. "Acha tu, Emile. Weye uso yako haijue kudanganya mutu."

Nje aliitwa kwa jina jingine, tangu majina ya Kizungu yapigwe marufuku. Emile alikuwa jina la nyumbani, la utani na la mapenzi, na siku ile alilipokea kama mtu anayefarijiwa.

Sasa hakuna aliyecheka. Alirudi barazani na grisi mpaka viwikoni. Pélagie akafumbua midomo iliyokauka.

"Fund..." Neno likafia kooni.

"Fundi? Nilishatuma mutu na kinga, fundi iko njiani."

Kinga ni baiskeli, na ya kituo ilikuwa moja tu. Pélagie akatikisa kichwa. Mkono wake mmoja ulikuwa umeng'ang'ania kiuno, pale kikwembe, kitenge chake, kinapofungwa. Emile akaona basi, tumbo nalo limeanza.

Fundi Alfani, Mmaniema wa maneno machache, alifika saa tano. Alikaa chini ya gari muda mrefu, akatoka akijifuta mikono.

"Ulifunga muzuri, papa. Kitu moja tu. Kule ndani kardani inashikwa na kapete ka chuma, kadogo hivi, kamekatwa upande moja. Hakako. Bila kale, gari ikivuta kidogo, kardani inachomoka."

"Sahani ilibaki tupu," alisema Emile.

"Donc, basi, kalianguka."

Wakalitafuta. Walipepeta vumbi la uwanja mzima kwa lungo, kama wanawake wanaochagua mawe kwenye mchele. Walipata msumari, kifungo cha shati na jino la mbuzi. Mjini, alisema Alfani, hakuna duka lenye kapete kama hako. Labda meli ijayo, na meli ijayo hakuna aliyeijua siku yake.

Emile akaenda kupiga magoti mkekani. "Fundi alishakuja, mama. Tulia."

Pélagie akamtazama kwa macho ya hasira, yeye ambaye hakuwa mtu wa hasira. "Fund..." akasema, akaushika mkono wa mumewe na kuuvuta taratibu kuelekea kiunoni. Emile akaukamata mkono ule kwa mikono yake miwili, akaubusu, akaulaza juu ya mkeka. Homa inamsumbua, alijisemea.

Article quinze tena: Alfani alikaza waya mahali pa pete. Wakampakia Pélagie kiti cha nyuma, na waya ukavumilia mpaka kilima cha kwanza. Hapo ukakatika. Emile aliupiga usukani kwa ngumi, kisha akalia waziwazi, mtu mzima mbele ya fundi, wala hakujificha.

Wanaume wanne wakakata miti wakafanya kipoyi, wakambeba mabegani kama walivyobebwa wazungu wa zamani. Walikimbia kweli, hakuna wa kuwalaumu. Pélagie alikata roho kabla hawajaliona daraja la Tshopo.

Asubuhi yake wanawake walimwosha ndani, mlango umefungwa. Emile alikaa kwenye kigogo kando ya gari lililovutwa kwa kamba mpaka uwanjani. Alfani alikaa naye, hakuwa amerudi kwake. Mara jirani yao, Mama Angélique, akatoka, kiganja kimefumbwa.

"Papa, pole. Hii ilikuwa mu fundo ya kikwembe yake. Alikaza sana, tulifungua na meno."

Akakifumbua kiganja. Kulikuwa na medali ya Bikira Maria, na kapete ka chuma, kamekatwa upande mmoja, bado kananuka petroli.