Somo Alilolificha Jogoo

Kisa hiki nakijua kuliko kuku wenyewe. Ugonjwa wa kideri ulipoanza kuua kuku, majogoo tu ndio walioitwa darasani kufundishwa kinga. Jogoo akarudi kifua mbele.

“Mmefundishwa nini, baba watoto?” aliuliza mkewe Mtetea, aliyetoka kumuuguza jirani.

“Mambo ya wasomi hayo. Wewe lete chakula.”

Akakileta, kisha akawafunika vifaranga kwa mbawa zilezile alizomuuguzia jirani. Haukupita muda, vifaranga wote wakafa.

Jogoo akafoka, “Kwani hukunawa ulipotoka kwa mgonjwa? Tulifundishwa kunawa.”

“Ulifundishwa wewe. Wagonjwa nawauguza mimi, watoto nawalaza mimi, na somo ukalificha wewe.”

Darasa lililofuata alikwenda Mtetea. Jogoo aliachwa akiatamia mayai. Mkewe aliporudi alisimama mlangoni.

“Tulia hapohapo, baba watoto. Nanawa kwanza, kisha nikufundishe. Mimi sifichi.”