Mshika Mkia

Fundi saa alifariki Jumatano. Jumamosi ya wiki hiyo klabu ya shabaha ilipata watu tisa. Jumamosi iliyofuata walikuja watano, na mmoja wao alikuja kuuliza kama ile chupa ya chai iliyowekwa kuwa zawadi inauzwa.

Jambo hilo lilimchanganya katibu, mdogo wa marehemu. Kaka yake hakuwa bingwa. Alikuwa kinyume cha bingwa. Mikono iliyokamata skrubu ndogo kuliko chawa haikuweza kuigusa karatasi pana kama sinia. Tangu klabu ilipofunguliwa, miaka kumi na mmoja, kila Jumamosi alifyatua risasi zake kumi za bunduki ya upepo, akavuta kamba, na karatasi ikarudi mbele yake haina hata mkwaruzo. Wakamwita Hewani, maana ndiko risasi zake zilikokwenda. Walimpa njia ya sita, ya ukutani, asije akamuumiza mtu, na hakuna mwingine aliyekubali kupiga pale, asije akaambukizwa mkosi. Mwenyewe alicheka kuliko wote.

Sasa mwenye jengo alikuja na utepe wa kupimia.

"Katibu, nakupa miezi mitatu. Nikikuta washindani thelathini, mnabaki. Nisipowakuta, hapa ni ghala la matairi."

Katibu alibandika matangazo mpaka kwenye mlango wa choo. Akaazima kipaza sauti akazunguka mtaani. Wakaja sita. Mwishowe alikwenda kunyoa nywele ambazo hazikuhitaji kunyolewa, ili apate kumhoji kinyozi.

"Mbona umetutupa, ndugu yangu?"

Kinyozi akazima mashine. "Nikwambie kweli? Zamani napata pointi kumi na mbili kwa mia, narudi nyumbani kifua mbele, kwa sababu Hewani kapata sifuri. Leo Hewani hayupo. Nani atashika mkia? Mimi. Na mke wangu atanitangaza kuanzia bombani mpaka sokoni."

Jioni hiyo katibu alimsimulia shemeji yake, mjane wa fundi saa, aliyekuwa amekaa anatunga uzi kwenye sindano. Tangu msiba hakuwahi kutabasamu. Katibu alipofika kwenye habari ya bombani na sokoni, akaona mabega ya mjane yanatikisika.

"Kwa hiyo mkia uko wazi?"

"Uko wazi, shemeji."

"Niandike mimi."

"Wewe umewahi kushika bunduki?"

"Nimeishi na kaka yako miaka ishirini na sita. Unadhani tulikuwa tunazungumza saa tu?"

Jumamosi alisimama njia ya sita, miwani ya kushonea puani. Akafyatua kumi, taratibu, kama mtu anayebandika vifungo. Akavuta kamba. Karatasi ikarudi kama ilivyotoka dukani.

Watu waliisogelea kuitazama. Kisha sauti moja ya nyuma ikasema, "Jamani, Hewani karudi," na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mjane alicheka mpaka akavua miwani.

Kesho yake mtaa mzima ulijua kuwa mkia umepata mwenyewe. Kinyozi akarudi, akapata tisa, akatoka anatembea kama mtu aliyenunua gari. Akamleta muuza mboga. Muuza mboga akamleta shemeji yake, dereva wa gari la maji. Muuguzi mmoja alipata nne, machozi yakamlengalenga, mpaka alipochungulia karatasi ya mjane kwenye njia ya jirani.

"Pole, mama," akasema, kicheko kimemshinda.

"Asante, mwanangu. Ukishuka zaidi, mimi nipo."

Mwezi wa pili wakawa ishirini na wawili. Mwezi wa tatu watu waligombea zamu. Hatari pekee ilikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye huruma ilimzidi akaamua kumfundisha mjane. Alipomnyanyua kiwiko tu, foleni nzima iliingiwa na hofu.

"Mwalimu, muache mama wa watu," kinyozi akasema. "Akipata hata moja, utakwenda wewe kumweleza mke wangu?"

"Msiwe na wasiwasi," mjane akasema, jicho moja amelifumba. "Mimi nalenga palepale alipolenga mume wangu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Karatasi ikarudi safi.

Siku ya mwisho mwenye jengo alihesabu vichwa mara mbili. Arobaini na mmoja. Akatia saini mkataba wa miaka mitatu mingine, kisha akabaki anamtazama mjane akivuta kamba.

"Mama, hivi huchoki kukosa?"

"Nimeshazoea kukosa, mwanangu."

Watu walicheka tena. Katibu peke yake aliangalia chini.

Jumapili alikuja na ngazi, ukumbi mtupu, kushusha mapazia meusi yanayozuia risasi ukutani nyuma ya karatasi, kila njia na pazia lake. Yalitundikwa siku klabu ilipofunguliwa na hayajaguswa tena. Karatasi huenda na kurudi kwa kamba, hakuna mtu anayefika kule. Matano yalikuwa yametoboka kama chujio. La sita lilikuwa zima, isipokuwa juu kabisa kwenye kona, palipokuwa na tundu moja, upana wa kifungo cha shati.

Katibu aliagiza mapazia mapya matano.