Kioo Kisichopakwa Rangi

Kwenye skrini mstari ulipanda ghafla, ukachongoka kama ncha ya sindano, ukashuka. Dokta Mwanakheri akatabasamu gizani. Mstari huo ndio uliompa jina. Kwa miaka mitatu amekuwa akiwaambia watu kwamba rangi yake ya zambarau, ikipakwa juu ya kioo na kupigwa na mwanga, huzaa umeme kwa kasi ambayo rangi nyingine haijaifikia.

Mlango ukafunguliwa, taa ikawashwa. Alikuwa Mzee Shekue, mpakaji wa vioo wa maabara.

"Niwie radhi, Dokta, leo rangi imechelewa kukauka. Kioo chako hiki hapa."

Mwanakheri akageukia kioo kilichokuwa ndani ya mashine, kile alichokitoa kisandukuni kwa kupapasa gizani. Kilikuwa kitupu, hakijapakwa kitu. Na mstari ulikuwa bado unapanda na kushuka vilevile.

Kupima kioo kitupu kwanza, ili kujua kama mstari unatoka kwenye rangi au kwenye kioo chenyewe, ni kazi ya dakika kumi. Kila mwaka huwafokea wanafunzi wasioifanya. Yeye hakuwahi kuifanya hata mara moja.

"Mashine imeharibika?" Mzee Shekue aliuliza.

"Hapana, baba. Mashine ni nzima."

Masikio yalimwaka moto.

"Basi weka hiki," mzee akasema, akikipulizia vumbi taratibu. "Wajukuu zangu kila siku wananiuliza taa zetu zitawaka lini kwa rangi yako."

Akamnyooshea kile kioo kwa vidole ambavyo, kwa miaka mitatu, rangi ya zambarau ilikuwa imekataa kutoka kwenye kucha zake.